Haika Atume Leo au Angoje Januari

Ukimkuta Protas kazini, stesheni ya Stratford, na koti lake la rangi ya chungwa, akiwafokea watu wasisogelee reli, utadhani ni mtu asiyeogopa kitu. Lakini nyumbani kwake Ilford, juu ya duka la sari, kulikuwa na jambo limemkaa kooni wiki nzima.

Binti yake Haika alitaka kusomea udaktari. Huku Uingereza maombi ya udaktari yanafungwa mapema, Oktoba; kozi nyingi nyingine zinangoja Januari. Fomu ni moja, nafasi tano za kuchagua kozi. Akituma mapema, nne zinakwenda kwenye udaktari, inabaki moja ya kujiokoa. Akingoja, zote tano anaweka famasia, ambako walimu hawakuwa na wasiwasi naye. Na alama zake za mtihani wa kuingilia udaktari zilikuwa za katikati, si za kutupa, si za kupigia vigelegele.

Protas alikuwa anamfikiria Godbless, mtoto wa binamu yake. Huyo walimfanyia misa ya shukrani kabla hata ya majibu, watu wakala, wakanywa, wakamwita Dokta. Vyuo vyote vinne vikamkataa. Mama yake alihama kanisa kwa aibu.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, saa kumi na mbili jioni. Imebaki kubonyeza tu, na mwalimu anangoja shuleni aipitishe. Lakini Haika habonyezi mpaka baba aseme sawa. Na baba hasemi sawa mpaka kaka yake Evans, kule Rombo, aseme. Evans ndiye aliyemlea. Hata kuoa aliomba ruhusa kwake.

"Baba Haika, kaka yako hapokei," Beatha mkewe akasema, akifunga vifungo vya sare yake ya kutunza wazee. "Unangoja ajibu, au unangoja muda upite?"

"Mama, usinichokoze."

"Nauliza tu. Naona kama unafurahi isipopokelewa."

Ilikuwa kweli kidogo, na Protas alijua. Akapiga tena, akaweka spika. Ikapokelewa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Tulikuwa msibani kwa jirani, simu niliizima. Enhe, mtoto anasemaje?"

Protas akaeleza, mpaka zile alama.

"Za katikati? Unataka tuchekwe tena kama kwa kina Godbless? Angoje Januari, aweke hiyo famasia. Mwambie mimi nimesema."

Haika alisikia yote. Protas akatazamia kilio, au mlango kubamizwa kama wafanyavyo watoto wa huku. Wapi. Binti alisema "Okay, Dad," polepole, akaanza kufunika kompyuta.

Hapo Protas akauzuia mkono wake. Sauti ile aliijua. Ni yake mwenyewe, naam kaka, sawa kaka, miaka yote.

"Haika, usifunge. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Haika, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, safari hii akajikongoja nacho. "Mimi nataka jaribu, Baba. Kama ni hapana, waseme wao."

"Nani huyo anaongea?" Evans akauliza.

"Kaka, nakuheshimu. Ila hili nalibeba mimi." Akamgeukia binti. "Bonyeza, mwanangu."

Haika akabonyeza. Sauti ya Evans ikatoka kwenye spika.

"Protas. Umenivuka?"

"Nimekuvuka, kaka. Nisamehe."

"Na wakimkataa?"

"Utanicheka mimi. Mtoto usimguse."

Evans akakata bila kuaga. Beatha alikuwa anachelewa kazini, lakini hakutoka. Wote watatu wakabaki wanatazama kioo cha kompyuta, wanangoja neno la mwalimu. Likaja saa kumi na mbili ikikaribia kabisa: fomu imeshatumwa. Haika akafunika uso kwa viganja. Protas akakaa kitini puu, kama mtu aliyetuliwa gunia, akaomba maji ya kunywa.