Kamera Niliyoikagua Juani

Sisi tuliolelewa chini ya Mlima Meru wakati Mwingereza bado anatuamrisha, kamera tuliiona kwa mbali, shingoni mwa Mzungu. Za kwetu tulizitengeneza kwa mgomba: unatoboa tundu, unamwambia mwenzako asipumue, unagonga ulimi "ta!", naye papo hapo anadai picha yake. Tukichoka tunakwenda kula loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, sahani moja mikono sita. Watoto wa leo kila mmoja ana sahani yake na bado wananuna.

Shule niliishia darasa la pili, na si kwa ujinga. Tulifukuzwa kwenye ardhi yetu upande wa pili wa mlima ili Mzungu apate pa kufugia, na wadogo zangu wawili homa iliwamaliza huko tulikotupwa. Nikabaki mimi na mama. Tukaangukia shamba la kahawa la Mzungu mwingine, mama akifua nguo, mimi nikichuma.

Mjini alikuwepo fundi picha, tukimwita Fundi Abdi. Kila siku ya soko nilisimama mlangoni kwake, namsikia akifoka ndani, "Funga mlango, mwanga unaua filamu!" Mwisho akaniuliza nina shida gani. Nikasema nataka kujifunza. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Nafasi ni moja, binti. Njoo Jumamosi na kamera yako mwenyewe, nzima. Mwenye kamera mbovu simfundishi, atanimalizia filamu bure."

Maneno hayo hayo alikuwa amemwambia Joeli, mtoto wa Zakayo, karani wa shamba letu. Nami nikajua nikiikosa nafasi hiyo, nitachuma kahawa mpaka mgongo upinde.

Mungu si Athumani, wiki ile memsahibu wa shamba alikuwa anarudi kwao, anagawa vitu. Kamera mbili akaziweka barazani. Akasema mtoto wa mama mfua nguo achague kwanza, itakayobaki ni ya Joeli. Moja ilikuwa ya kukunjua, vyuma vinameta, mbele ina mikunjo ya ngozi kama kodiani. Nyingine ilikuwa kisanduku cheusi, kimechubuka pembe zote.

"Chukua inayong'aa, mtoto!" wachumaji wakapiga kelele. "Hilo jingine si sanduku la sabuni hilo?"

Zakayo akanisogelea na sauti ya asali. "Naomi mwanangu, usituaibishe. Hicho kisanduku mwachie Joeli akawekee vibiriti."

Mkono wangu ulishafika kwenye ile ya kung'aa. Ndipo mama, aliyekuwa akianua nguo pembeni, akasema kwa Kimeru: "Hata kibuyu cha maziwa hukichukui bila kukitazama juani."

Basi. Nyumbani ndivyo tulivyofanya: jicho mdomoni mwa kibuyu, kitako juani, ufa hata kama unywele utauona. Nikafungua mgongo wa ile kamera, nikajifunika kitambaa cha mama, nikaielekeza kwenye jua. Ndani ya mikunjo nikaona nyota tatu, matundu yanayopitisha mwanga. Nikachukua kisanduku, nikakitazama vilevile: giza tupu, hata nukta.

"Nachukua hiki."

Wakacheka baraza zima. Zakayo peke yake hakucheka, na hapo nikajua kwamba alijua. Yeye ndiye aliyekuwa akitumwa mjini na filamu za memsahibu, akirudi na picha za ile ya kung'aa zimejaa michirizi. Mtu mzima, karani, anataka kumpora mtoto aliyekwisha kuporwa shamba na wadogo zake! Ninamtaja kwa jina: Zakayo. Baadaye akawa mzee wa kanisa. Shikamoo nilimpa kila Jumapili. Msamaha hakuwahi kuuomba, nami sikumpelekea.

Jumamosi Fundi Abdi aliingiza kichwa kwenye kitambaa chake cheusi, akazikagua zote mbili. Ya Joeli akamrudishia. Yangu akaishika muda mrefu.

"Kisanduku hiki nani alikuchagulia?"

"Nimechagua mwenyewe. Kukagua nimefundishwa na mama."

"Mama yako ni fundi picha?"

"Anajua vibuyu."

"Ingia," akasema, "na ufunge mlango."

Mimi wa darasa la pili nikawa mpiga picha. Hata picha iliyowekwa juu ya jeneza la Zakayo niliipiga mimi, na ilitoka vizuri.

Juzi nilikuwa harusini Njiro. Kijana mmoja, kamera yake inajifanyia kila kitu, ananiambia, "Mama, sogea, unaziba." Nikamwambia, mwanangu, bibi harusi umempa jua mgongoni, uso utatoka mweusi. "Mashine inajua, mama," akajibu, huku anapiga keki picha ya ishirini.

Enzi zetu filamu ya kisanduku ilitoa picha nane tu, basi aliyesimama mbele yako ulimtazama kweli kabla ya kubonyeza. Zile nane zangu za mwanzo ninazo zote. Ya kwanza ni mama, povu la sabuni bado mikononi. Watu wanatoka Kikwe, wanatoka Oldonyo Sambu, wanakuja kuniuliza kama ninayo sura ya baba yao, na mara nyingi ninayo. Watoto wa watoto wa leo sijui watakwenda kumuuliza nani.