Shemeji Aliiamuru Mashine Isahau

Mashine ya kudarizi ilipoteza kumbukumbu mbele ya wanunuzi. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, mkoba mapajani, nimetulia tuli.

Aliyeileta ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Nilimlisha miaka yote ya chuo.

Lugha ya kuiamuru mashine hiyo, aliyokuja kuiuza, niliitunga mimi, kwenye meza ya kulia, huku natenganisha watoto wanaogombana. Programu ndogo ya aina ya Forth, lugha ya kompyuta ya zamani: unaandika neno, mashine inatekeleza papo hapo. Unaifundisha SHONO. Kwa SHONO unatunga UA. Kwa UA unatunga NEMBO. Neno juu ya neno.

Shemeji alinakili yote, akafuta yangu, akahama.

Nilimpigia. Akanijibu, "Shem, na hiyo diploma yako ya zamani, lugha hiyo ungeipeleka wapi?"

Sawa.

Ukumbini alijitapa mpaka tai ikapinda. Mama mwenye kiwanda cha sare akamkatiza. "Vizuri. Sasa nipunguzie urefu wa mishono."

Shemeji akatunga SHONO jipya, fupi. Mashine ikadarizi ua lilelile, mishono ileile mirefu. UA lilitungwa kwa SHONO la zamani. Hilo jipya halilijui.

Akajifanya anakuja kunisalimia. Jasho linamtiririka.

"Shem, neno la zamani linanizingua. Nalifutaje?"

"Unataka lifutike kabisa?"

"Kabisa. Nisitiri."

"Andika SAHAU SHONO."

Ukweli mtupu. Hakuuliza SAHAU inaondoka na nini kingine.

Akaandika. Likafutika lile jipya tu, maana ndilo lililotungwa mwisho. Akaandika tena. Hapo likaenda la zamani, pamoja na kila neno lililotungwa baada yake.

Akaamuru UA.

Kioo kikajibu: UA? Yaani neno hilo hailijui.

NEMBO.

NEMBO?

Mtu wa nyuma akasema, "Kaka, hebu iulize kama inakujua wewe."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama mwenye kiwanda hakucheka. Alinigeukia. "Dada, ulisema atafuta kwa mkono wake. Sikukuamini."

Ndiyo. Swali la mishono nilimpa mama huyo mimi. Namjua shemeji: kinachomshinda, hukifuta.

Na lugha nilishaitunga upya. Safari hii ukibadili SHONO, maua yote yanafuata. Mama yule alikuwa ameinunua kabla hata ya kuja ukumbini.

"Yaani shem, mimi ndugu yako?"

"Funga mashine yako. Watu wanataka kufagia."

Somo ni hili: ukiiba kazi ya mtu, usirudi kumwomba maelekezo. Na msinitumie ujumbe wa kunihimiza nisamehe. Bado nafurahi.