Jina Ambalo Sikuliandika

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwanangu, nimekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya bibi yangu mzaa mama, kijijini kwetu Chemba, na daftari jipya mapajani. Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo kutoka shule ya bweni huko Kondoa. Mwalimu wetu wa historia, Mwalimu Salimu, mtu wa kijiji cha Busi hukohuko Kondoa, alikuwa ametupa kazi ya likizo: kila mmoja aandike kuhusu mkoa wetu wa Dodoma, alama zake, mahali pake pa kukumbukwa na watu wake mashuhuri. Ni kazi ileile mliyoniletea juzi hapa Chang'ombe, mjini Dodoma, wewe na wenzako wawili. Mliniamkia vizuri, mkakaa, mkasema, "Bibi, tusaidie kidogo tu, mengine tumeshayapata mtandaoni." Nikawapa chai, nikawajibu juujuu. Kuna jambo sikuwaambia siku ile, na leo nataka nikusimulie.

Bibi yangu alikuwa Msandawe wa kweli. Lugha yetu ina ile milio ya ulimi, na kule bweni wenzangu waliiiga na kucheka, wakidai tunaongea kama watu wanaovunja vijiti mdomoni. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nikaamua kwamba nitaongea Kiswahili tu, hata nikiwa nyumbani. Bibi akinisemesha kwa lugha yake, mimi namjibu kwa Kiswahili, naye Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga. Hakunigombeza. Alikuwa akinitazama kidogo, kisha anaendelea na kazi yake. Macho yale sijayasahau.

Asubuhi hiyo aliniuliza ninaandika nini. Nikamweleza.

"Mashuhuri ndiyo nani?" akauliza.

"Ni mtu anayejulikana, bibi."

Akafurahi. Akaacha ungo wake wa mtama, akaja kukaa karibu yangu, akaanza kunisimulia habari za mwanamke mmoja wa upande wa pili wa korongo. Mwaka wa njaa, bibi akiwa msichana mdogo, watu wenye nguvu walihama, wakaacha wazee na wagonjwa. Mwanamke huyo hakuhama. Kila siku alikwenda porini na mti wake wa kuchimbia, akachimba mizizi inayolika, akawaonyesha watoto ipi ni chakula na ipi ni sumu. Watu wageni walipopita wakiwa hoi, aliwalisha na wao. "Mimi nilikula mkononi mwake," bibi akasema. Akalitaja jina lake. Lilikuwa jina refu, na katikati yake ulimi uligonga mara mbili. Akainuka, akataka twende akanionyeshe mahali alipoishi. Akasema si mbali, jua halijawa kali.

Mwanangu, sikuinuka. Nilimwambia, "Huyo hajulikani, bibi. Mwalimu anataka watu wakubwa."

"Mimi namjua," akasema.

Akasimama pale muda kidogo, akirekebisha khanga yake begani, kama mtu anayengoja. Nilipoinamisha kichwa kwenye daftari, akarudi kwenye mtama.

Nikaenda kwa rafiki yangu ambaye baba yake alikuwa karani na alikuwa na vitabu. Nikanakili. Nikaandika zabibu, nikaandika reli, nikaandika makao makuu ya nchi yatakayojengwa, na majina ya viongozi kwa mwandiko mzuri sana. Nilijiona nimemaliza kazi.

Shule ilipofunguliwa, Mwalimu Salimu aliniita. Alikuwa mzee kidogo, mpole, mwenye kuongea kwa sauti ya chini hata anapokasirika. Daftari langu lilikuwa wazi mbele yake.

"Umeandika vizuri," akasema. "Kila ulichoandika nilikuwa nakijua kabla hujazaliwa. Nyumbani kwenu hakuna mtu?"

Nikamwambia yupo bibi.

"Alikwambia nini?"

Nikamsimulia habari za yule mwanamke. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jina lake. Nikafungua mdomo, nikakuta sina. Nilikuwa nimelisikia mara moja tu, na nilikuwa nimefanya bidii ya kutolisikia. Mwalimu akanirudishia daftari, akaniambia, "Likizo ya Desemba, nenda kaulize. Nitangoja."

Siku zile habari zilisafiri polepole. Niliposhuka kwenye lori Desemba, mama alinipokea barabarani, akaniambia bibi ameanguka mwezi uliopita, kiharusi kimemshika upande mmoja. Nilimkuta kwenye kitanda cha kamba, chini ya upenu. Mdomo umekwenda upande. Aliponiona macho yalimjaa machozi, nami nikapiga magoti, nikamwamkia kwa lugha yetu, baada ya mwaka mzima. Nilitamka vibaya. Alicheka kwa upande wake mzima.

Nilimuuliza polepole, "Bibi, yule mwanamke wa mwaka wa njaa, jina lake nani?"

Alielewa. Nakuapia alielewa, kwa sababu alinishika mkono na kuanza kulitaja. Lakini jina lile linahitaji ulimi ugonge, na ulimi wake haukuweza tena. Ilitoka pumzi tu. Akajaribu tena. Nami nikawa natupa majina, nikibahatisha, naye anatikisa kichwa, hapana, hapana, mpaka mama akaniambia nimwache apumzike. Kesho yake tulijaribu tena. Kesho kutwa pia. Kila alipochoka alikuwa akinipapasa mkono, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Niliwauliza wazee wengine. Mmoja alisema alimwita shangazi tu. Mwingine alisema ukoo wake ulihamia mbali zamani. Korongo nililiona, lakini lina kingo nyingi, na hakuna aliyeweza kunionyesha nyumba ilikuwa wapi. Bibi alifariki kabla likizo haijaisha.

Nilimpelekea Mwalimu Salimu kurasa nne. Mahali pa jina niliacha wazi. Nikamuuliza kama niweke jina lolote, ili habari ikamilike. Akasema, "Usiweke. Huyo alikuwa mtu, alikuwa na jina lake." Akaandika alama chini ya ukurasa, akageukia dirishani.

Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, mwanangu, na sasa nimestaafu. Bado huwa nikifua au nikichambua mchele najikuta nagongesha ulimi, natafuta lile jina. Wakati mwingine nadhani nimelipata, kisha linapotea. Ningetoa chochote nirudi kwenye kigoda kile, bibi amesimama anarekebisha khanga, nami niinuke.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Hayo ya mtandaoni yaandike, si mabaya, na mwalimu wako atataka kuyaona. Lakini kabla hujafunga daftari, nenda Chemba kwa dada yangu, bado anaongea lugha yetu safi. Nenda kwa yule mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, umuulize babu yake alifikaje hapa, maana na yeye ni mtu wa Dodoma. Waamkie, kaa chini, weka simu mfukoni kwanza. Mtu akikutajia jina, mwombe alirudie, nawe ulitamke mbele yake mpaka akubali kwamba umelipata. Ndipo uandike. Na lugha ya nyumbani kwako usiione aibu, hata akucheke nani. Wanaokucheka mtaachana mkimaliza shule, kama nilivyoachana na wangu.

Akikwambia mtu, "Twende nikakuonyeshe," nenda siku hiyohiyo.

Mungu akuongoze, mwanangu. Akupe wazee wenye nguvu ya kukujibu, akupe na wewe utulivu wa kuwasikiliza. Na siku utakapokuwa bibi kama mimi, akujalie mjukuu wa kuja kukaa karibu yako na kukuuliza.