Ugali wa Posa na Mkono Unaotetemeka

Kwetu ugali wa wageni wa posa husongwa na bibi wa nyumba mwenyewe, uani, huku wanamwona. Ukiwa na madonge, wanajua nyumba nzima imelegea. Nimewasongea wakwe wa binti zangu wote na hakuna aliyenicheka. Posa ya mjukuu wangu ilipokaribia, mikono ilikuwa inanitetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

Ilikuwa dawa. Mwaka jana nilianza kusikia watu wakinitukana ndani ya nyumba tupu, nikawaamini. Nikamwita mke wa mwanangu mchawi mbele ya watu wote mnadani, yeye anayenichotea maji. Kumbe ni ugonjwa. Vidonge vikawanyamazisha wale watu, ila vikaniacha nimekakamaa kama gogo, udenda unanitoka.

Nikaenda kliniki Manyoni kumwambia daktari, binti wa umri wa wajukuu zangu, kwamba naacha dawa mpaka posa ipite. Akaniamkia vizuri, ndipo akanikatalia. Akanieleza kwamba chembe za ubongo hazigusani. Moja humrushia mwenzake kemikali, inaitwa dopamini, na mwenzake akiidaka amepata habari. Kwangu ilirushwa kupita kiasi. Kidonge kinakaa pale pa kudakia, kinapaziba. Shida ni kwamba sehemu inayoendesha mikono nayo hutumia kemikali hiyohiyo, na kidonge hakichagui.

"Kwa hiyo mmefunga zizi fisi asiingie, na mbuzi wangu wamelala nje."

Akacheka, akasema ndivyo. Akapunguza dozi kidogo, akaniongezea kidonge cha kutuliza mtetemeko. "Ila kile cha kwanza usikiache, bibi. Ukiacha, wale watu wanaweza kurudi siku ya posa yenyewe."

Aibu mbili, nichague moja. Nikameza.

Siku ilipofika, mwiko ukawa unagonga sufuria hovyo. Wageni wakageuka kutazama. Mke wa mwanangu akapiga magoti, akaweka mkono wake juu ya wangu, tukasonga pamoja. Yule yule niliyemwita mchawi. Sikuweza kumtazama.

Bibi wa upande wa pili akauliza, "Mwenzangu, mkono una nini?"

Mke wa mwanangu akafungua mdomo ili anifichie. Nikamwahi. "Ni dawa ya kichwa. Nilichanganyikiwa, nikamtukana huyu hapa, bure."

Niliyasema nikiangalia ugali. Ulikuwa na madonge. Waliula wote, wakaomba kupangiwa siku ya mahari, na mimi bado nimeinamia sufuria.