Mgongo wa Mwalimu wa Udereva

Wenzake wa chumba cha kufulia pale hospitali walimwita Pasi, si kwa sababu ya kazi tu, bali kwa kuwa akishashika moto hapoi upesi. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa kukaa kiti cha pembeni na kuwaambia watu kata kushoto, punguza mwendo, angalia kioo. Hata nyumbani breki alikuwa nazo yeye.

Watoto walipokwisha kuhama, mwalimu akaingiwa na hamu ya kuitembea ile njia ndefu ya milimani, ambako unabeba nyumba yako mgongoni na huoni kijiji wala duka. Akanunua kifaa cha GPS, akaiingiza njia yote humo, akawa anashinda nacho sebuleni kama aliyeletewa mjukuu. Pasi naye alitaka kwenda. Miaka yote ile ya mvuke na mashuka ilimtia uchu wa baridi. Akaomba afundishwe kukitumia. Mumewe akamwambia asijisumbue, kazi yake ni kufuata.

Mizigo waligawana hivi: mke hema, jiko la gesi na chakula chote, mume nguo zake, maji na GPS, kwa maelezo kwamba anayeongoza sharti awe mwepesi.

Tangu asubuhi ya kwanza Pasi akawa anaona mgongo tu. Mume akifika juu ya kilima anakaa, anapunga upepo. Mke akitokeza huku anahema, mume anainuka: haya, twende. Basi mmoja akapumzika kila kilima, mwingine asipumzike kabisa. Pasi alimeza. Alikumbuka siku alipotoka kujifungua kifungua mimba wao: mume alibeba mtoto, akafika kwenye gari, akapiga honi, na yeye bado yuko kwenye ngazi za wodi ameshika ukuta. Siku ile pia alimeza.

Katikati ya safari, juu kwenye upenyo kati ya vilele viwili, ukungu ukawashukia. Pasi alipofika njia inapogawanyika, mgongo haukuwapo. Aliita. Akapuliza filimbi iliyokuwa kwenye kamba ya begi. Akangoja mpaka jasho likampoa mwilini akaanza kutetemeka. Njia moja iliteremka. Nyingine ilikata ubavu wa mlima, na huko alisikia mawe yakiporomoka korongoni.

Hofu ilitangulia kuja, lakini mori ukaisukuma kando. Alitukana kwa sauti, matusi ambayo wanawe hawakuwahi kuyasikia kinywani mwake, akianzia siku ya posa akaishia kwenye kile kifaa. Kisha akasimamisha hema pale pale njia panda, akivigonga vigingi kwa jiwe kana kwamba kila kimoja kina uso, akachemsha chai.

Mume alitokea jioni, amelowa chapachapa, meno yakigongana. Alikuwa amekwisha fika mbali bondeni ndipo akageuka. Akaanza kwa kufoka kwamba alimwambia asibaki nyuma.

"Umegeuka kunitazama mara ngapi tangu asubuhi?" Pasi akamuuliza.

Mume akasema alidhani wako pamoja.

"Baba watoto, ningetumbukia humo korongoni, wanangu ungewaambia nini? Kwamba kifaa kilikuonyesha uko sawasawa?"

Pasi akampa chai na soksi kavu, maana hakuolewa ili aje kuwa muuaji. Neno jingine hakumpa.

Kesho yake walishuka hadi kibanda cha wapandaji, na mtunza kibanda akawaambia kwamba gari la mizigo litateremka mjini mchana. Pasi akanyoosha mkono.

"Nipe kifaa. Wewe panda gari."

Mume akacheka, akasema mkewe hajui hata kukiwasha. Ni kweli, hakujua. Pasi akamwomba mtunza kibanda amwelekeze, kitufe kwa kitufe, na kila mume alipofungua mdomo kusahihisha, alimkata jicho mpaka akaufunga. Halafu akafuatana na dada wawili waliolala pale kibandani, nao wakiifuata njia ile ile hadi mwisho.

Alikosea, tena vibaya. Aliusoma mshale kinyume, akawateremsha wale dada kwenye bonde lisilo lao, ikabidi wapande upya mvua ikiwapiga. Akawaomba radhi, akajilaani, wakaendelea. Njiani alilia pia, machozi ya hasira zilizolala miaka.

Njia ilipoishia, mume alikuwa akimngoja karibu na kituo cha basi. Akampa pole, akampokea begi, akaanza kwenda. Baada ya hatua chache akasikia kimya nyuma yake. Pasi alikuwa amesimama pale pale, mikono kiunoni. Mume akarudi. Wakaenda bega kwa bega, na ndani ya basi Pasi akakaa dirishani, hakumuuliza mtu anapenda kukaa wapi.