Shairi la Gilbert kwa Kiswahili

Jamani, mpaka leo mtu akitaja mashairi ya Kiingereza cha kale masikio yananiwaka, ila nawasimulia kwa kuwa nyie mtanicheka tu na yaishe. Wakati huo nilikuwa napanga maboksi kwenye ghala huko Landover, Marekani, na nilikuwa nampenda Zuhura (mwenyewe hana habari), binti wa Tanga aliyekuwa akitunza wazee, na kila nilipoinua boksi nilikuwa nimeshamuoa na tuna watoto wawili. Tatizo Gilbert, Mkenya wa chuo, mwenye gari na miwani, ambaye kila tukikutana kwenye pilau humsomea kwa moyo shairi la Mwingereza mmoja aliyekufa karne ya kumi na saba, na Zuhura anafumba macho kabisa. Yale macho yaliniuma kuliko mgongo.

Basi mama yake Zuhura akaja kumtembelea, binti akafanyiwa sherehe ya siku ya kuzaliwa, nyumbani kwake mtaa wa Greenbelt. Nikajisemea, mama huyu hajui Kiingereza, hapa hapa nampiku Gilbert. Nikaazima kitabu maktaba, nikakaa na kamusi, nikaligeuza shairi lilelile kuwa la Kiswahili, na nilivyohangaikia vina na mizani (vilitimia, hilo mnipe) maana yake sikuitazama.

Gilbert akatangulia kwa Kiingereza chake, mama akapiga makofi. Nikasimama, nikamwamkia, nikasema naghani hilohilo ili naye afaidi. Ubeti wa kwanza, wa waridi, nilipigiwa vigelegele. Wa pili nikamwambia Zuhura, mbele ya keki yake, mashavu yatakunjamana, na wa tatu, kwa sauti ya kuvuta, anipende upesi kabla hajazikwa akaliwa na funza. Vigelegele vikakatika.

"We baba," mama akasema taratibu, "mwanangu leo tunafurahia kazaliwa, wewe unamzika? Uchuro gani huu?"

Nikajitetea kwamba ni lilelile alilolipigia makofi. Akamgeukia Gilbert, naye bila kupepesa akajibu, "Langu lilikuwa la maua, Mama."

Ikaombwa dua ya kumkinga Zuhura, nami nikaitikia amina kwa nguvu kuliko wote. Wakati wa kutoka Gilbert akaninong'oneza, "Lakini msee, tafsiri iko sawa kabisa," kisha akawafungulia mlango wa gari, mama mbele, Zuhura nyuma.

Tangu hapo, mwanamke akinivutia namwambia amependeza, basi. Habari za kaburi namwachia Gilbert na Kiingereza chake.