Visahani vya Wifi

Dada yangu ana wivu. Nalisema mapema asije mtu akashangaa baadaye, na mwenyewe anajua kwamba nalisema. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa fundi katika maabara inayopima dawa za kuua bakteria, na kazi yake kubwa ni kumimina. Anachemsha jeli, ambayo ndiyo chakula cha bakteria, anaimimina ikiwa ya moto kwenye visahani vya plastiki, inapoa na kuganda. Juu yake wanapakwa bakteria, kisha vinawekwa viduara vya karatasi vilivyoloweshwa dawa. Kesho yake, dawa ikiwa na nguvu, kiduara kinakuwa kimezungukwa na sehemu safi isiyoota kitu. Profesa, mkuu wao, anapima upana wake kwa rula.

Dada naye alikuwa na dawa yake. Mizizi ambayo mama yetu alikuwa akituoshea vidonda, yeye aliichimba, akaikausha, akaisaga, akailoweka kwenye spiriti na kuikamua. Amefanya hivyo miaka saba, mpaka kucha zikageuka rangi ya kahawa. Profesa alimwahidi kwamba mizizi ikifaulu itapelekwa maabara kuu, na jina lake litaandikwa kwenye ripoti.

Halafu kaka yetu akaoa mkemia. Barua ya wifi ya kuomba kazi aliipeleka dada mwenyewe kwa Profesa, na hilo ndilo linalomkereketa mpaka leo. Wifi hachimbi kitu. Anavaa miwani, anachanganya kemikali kwenye chupa, anatoka na unga mweupe usio na harufu. Hata mwaka haujaisha, Profesa akawa anamwita "mtaalamu wetu". Dada yangu anaitwa "mama" tu.

"Nimemzaa nani pale?" dada aliniuliza, akikatakata vitunguu kana kwamba vimemkosea. "Na zile nywele zake!"

"Nywele zimefanya nini tena?"

"Zimetulia."

Nilicheka, akaninunia siku mbili.

Ndipo Profesa akatangaza kwamba maabara kuu itapokea dawa moja tu: ama mizizi ya dada, ama unga wa wifi. Dada akamimina visahani vya jaribio. Vyake alivimimina kwanza, sufuria ikiwa imejaa, vikatoka vizuri. Vya wifi alivisubirisha mpaka jeli ikakaribia kwisha, akamkwangulia ya chini. Vilikuwa vyembamba, ungeweza kusoma gazeti kupitia humo. Hakuwa na mpango wowote, alitaka tu wifi apate masalia, kama unavyompakulia ukoko mgeni usiyempenda.

Matokeo yakaja. Mizizi, milimita kumi na saba. Unga, milimita ishirini na mbili. Profesa alipiga makofi, na wifi akamkumbatia dada mbele ya watu.

"Wifi yangu, bila visahani vyako nisingefika!"

Jioni, alipokuwa akikusanya visahani vya kutupa, dada aliinua kimoja cha wifi dirishani, akakumbuka. Kwenye jeli nyembamba dawa haina pa kuzama, kwa hiyo inakimbilia pembeni na duara linatoka kubwa kuliko stahili yake. Jambo hilo alifundishwa wiki ya kwanza ya kazi, na wivu ulimsahaulisha.

Alikuja kwangu moja kwa moja, hata mkoba hakuuweka chini. "Nikinyamaza, mizizi yangu ndiyo basi. Nikisema, nitaulizwa nani alimimina."

"Basi nyamaza," nilimwambia. Mimi ni mwoga, sifichi.

Asubuhi alikwenda akasema. Profesa akauliza nani alimimina. "Mimi," dada akajibu. "Vyake nilimkwangulia masalia. Makusudi." Wifi alikuwa amesimama hapo hapo na miwani yake.

Jaribio likarudiwa, na safari hii alimimina wifi. Mizizi, kumi na saba. Unga, kumi na tano. Mizizi ikapelekwa, na jina la dada liko kwenye ripoti, ukurasa wa pili, nimeliona kwa macho yangu. Lakini ufunguo wa chumba cha kumiminia alinyang'anywa, akapewa wifi.

Siku hizi wifi ndiye anayemmiminia. Kila asubuhi dada anapokea visahani vyake, anangoja wifi ageuke, kisha anaweka rula ubavuni mwa kila kimoja apime unene wa jeli. Milimita nne. Anakwenda kupima na vya wifi mwenyewe. Milimita nne.

"Hujapata hata kimoja chembamba?" nilimuuliza jana.

"Hata kimoja." Akazikuna zile kucha zake za kahawa. "Mdogo wangu, angenipa masalia mara moja tu, ningepumua."